"Hasikii" ya mwalimu na "hasikii" ya daktari

Barua nyingi za mwezi huu zinamzungumzia mtoto wa aina moja: anaambiwa hasikii, anapelekwa kupimwa, masikio yanaonekana mazima, anarudi darasani na bado hasikii. Tumechagua sita. Majibu ni ya jopo letu la wataalamu wa usikivu na wa tiba ya usemi na lugha.

Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Mwalimu analalamika kwamba hasikii. Hospitali walimvalisha vile vya masikioni, wakampima, wakasema masikio yote mawili ni mazima. Lakini nikimwambia "nenda jikoni, chukua bakuli la kijani, mpelekee dada", anarudi mikono mitupu au ameshika sahani. Usiku pakiwa kimya, hata nikinong'ona ananipata. Ni ukaidi huu? – Mama, Tanga

Hapa Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza, mama. Mtoto kiziwi "hasikii", mtoto mkaidi naye "hasikii", na katikati yao yuko wa tatu ambaye hatujampa jina: sauti inamfikia, ila haimfikii ikiwa neno.

Kipimo alichofanyiwa hutoa milio mitupu, mmoja mmoja, minene na myembamba, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 hadi 8000, katika chumba kimya. Kinatafuta mlio hafifu kabisa ambao mtoto anaunyooshea mkono. Akiusikia kwa desibeli 20 (desibeli hupima nguvu ya sauti) au chini ya hapo, anaandikwa mzima. Kipimo hicho kilikuwa cha lazima na hakikukosea. Ila jikoni kwako hakuna chumba kimya. Kuna sufuria, redio, na mdogo wake analia.

Chukua maneno haya mawili: "umpe" na "usimpe". Kinachoyatenganisha ni "si" tu, silabi fupi isiyo na mkazo, na ile "s" nguvu yake nyingi iko juu ya hezi 4000, ambako sauti ya mtu ni dhaifu na kelele kidogo tu huifunika. Au sikiliza "amenipiga, amekupiga, amempiga". Nani kapigwa? Silabi moja ndiyo imebeba kesi nzima. Kiswahili kimeweka sehemu kubwa ya sarufi yake mwanzoni na katikati ya kitenzi, huku mkazo ukiangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anayepokea sauti kwa taabu huokota "-piga", kisha hubahatisha mengine. Akibahatisha vibaya mara tano kwa siku, anaitwa mkaidi.

Tatizo linaweza kuwa mahali kadhaa, na tunashauri lifuatwe kwa mpangilio huu.

Kwanza sikio la kati. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio huja na kuondoka, na huenda siku ya kipimo yalikuwa yameondoka. Omba timpanometria. Haichukui zaidi ya dakika chache, haiumi, na inaonyesha kama ngoma inacheza inavyotakiwa.

Pili lugha yenyewe. Wako watoto ambao sauti inawafika sawasawa lakini maneno mapya hayashiki na sentensi ndefu zinawapotea. Hili linaitwa tatizo la ukuaji wa lugha, na si nadra: tafiti kubwa za Marekani (1997) na Uingereza (2016) zilikuta watoto 7 hadi 8 katika kila 100 wanaoanza shule. Mtaalamu ataangalia mtoto anaelewa sentensi za urefu gani, anasimuliaje picha, na anarudiaje maneno ya kubuni kama "tapiku" na "mesilogudo". Kurudia neno lisilo na maana kunamlazimu mtoto aishike sauti peke yake, bila msaada wa kujua neno, ndiyo maana watoto wenye tatizo hili wengi hukwama neno likifika silabi tatu au nne.

Tatu umakini. Mtoto ambaye mawazo yake yanarukaruka hata anapotazama picha au kuchora hana shida ya sauti pekee.

Baada ya hayo ndipo tuulize uchakataji wa sauti, yaani kazi ya mishipa ya fahamu na ubongo ya kutenga sauti na kelele, kulinganisha yanayoingia sikio la kulia na la kushoto, na kufuata mfuatano wa sauti zinazopita haraka. Kipimo kimojawapo humtajia mtoto namba mbili sikio la kulia na mbili la kushoto kwa wakati mmoja, naye azirudie zote nne. Chini ya miaka 7 vipimo hivi haviaminiki sana, kwa sababu hata watoto wasio na tatizo lolote hutofautiana mno. Mwanao ana 8, kwa hiyo umri unaruhusu.

Angalizo moja ambalo hospitali hazilisemi mara nyingi: ulizia kipimo ni cha lugha gani. Namba za Kiingereza karibu zote ni silabi moja. Zetu, moja, mbili, tatu, nne, ni silabi mbili. Alama za watoto wa London haziwezi kutumika kumhukumu mtoto wa Tanga, na mtoto asiyejua Kiingereza vizuri atashindwa kipimo cha Kiingereza hata akiwa na ubongo wa dhahabu.

Tuseme wazi kwamba wataalamu wenyewe wanabishana kama tatizo la uchakataji wa sauti ni ugonjwa unaojitegemea au ni uso mwingine wa tatizo la lugha na umakini. Sisi tunaegemea upande wa kuanza na lugha, kwa sababu hapo ndipo msaada wenye ushahidi ulipo. Kwa leo nyumbani: zima redio, mwite jina, ngoja akutazame, kisha toa agizo moja. "Leta bakuli la kijani." Akileta, ndipo "mpelekee dada". Wiki mbili zitakuonyesha kama alikuwa mkaidi.

Binti yangu wa miaka 4 anatoka usaha sikioni tangu ana mwaka mmoja. Unakauka, unarudi. Jirani anasema nitie mafuta ya nazi ya vuguvugu. Wageni hawaelewi maneno yake. Kuna uhusiano? – Baba, Dodoma

Mafuta usitie. Upo uhusiano, nao unaanza na hesabu ndogo: sauti ya mazungumzo umbali wa mita 1 ni kama desibeli 60, na majimaji au tundu kwenye ngoma ya sikio mara nyingi hupunguza 20 hadi 30, pengine zaidi. Anabaki na irabu, ambazo zina nguvu, na kupoteza f, s, t na p. Tena upotevu wenyewe haukai mahali pamoja. Leo anasikia "pata", wiki ijayo "ata". Mtoto anayejenga lugha anahitaji neno limjie lile lile mara nyingi, naye analetewa matoleo matatu.

Usaha uliopita siku 14 ni ugonjwa sugu wa sikio na haumalizwi na kidonge kimoja. Kausha hivi: chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza, au tishu imara, kisokote kiwe kama utambi wa koroboi. Uingize taratibu mpaka ulowe, utoe, utupe, weka mwingine. Endelea mpaka utambi utoke mkavu. Fanya mara 3 kwa siku. Kisha matone ya sikio ya kundi la siprofloksasini, kwa wiki 2, baada ya mhudumu wa afya kuliangalia sikio. Wengi hukosea hapa: wanatia dawa juu ya usaha. Dawa inaelea, haifiki. Kosa la pili ni vijiti vya pamba, ambavyo husukuma uchafu ndani, na la tatu ni kuacha utambi sikioni usiku kucha. Akioga, maji yasiingie.

Akivimba nyuma ya sikio hadi sikio lisukumwe mbele, au akipata homa kali na shingo kukakamaa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sikio likikauka, apimwe usikivu. Usishangae akibaki mzito kwenye kelele kwa muda hata kipimo kikiwa kizuri: ubongo uliozoea masikio mawili yasiyolingana huchukua muda kujifunza upya kuyatumia pamoja.

Nina wanafunzi 84 darasa la pili. Paa ni bati. Wapo kama watano ambao maelekezo ya mdomo hayawaingii kabisa, ingawa hesabu za ubaoni wanafanya. Sina kifaa chochote. Nifanye nini? – Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, hao watano si wengi kupita kiasi. Zile tafiti za nje tulizozitaja zikifanana na hali yetu, darasa la 84 lingekuwa na watoto kama sita wenye tatizo la lugha, kabla hujahesabu wenye usaha masikioni.

Anza na umbali. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka kinywani mwako moja kwa moja hushuka desibeli 6. Ukisema kwa nguvu ya 65 kwa aliye mita 1 mbele yako, wa mita 2 anapata 59, wa mita 4 anapata 53, wa mita 8 anapata 47. Kuta tupu na bati hurudisha mwangwi, kwa hiyo wa nyuma atasikia kwamba kuna sauti. Lakini mwangwi wa silabi iliyopita unaikanyaga inayofuata, na kinachomfikia ni mvumo. Mtoto mdogo anahitaji sauti ya mwalimu ipite kelele kwa desibeli 15 hivi. Mtu mzima anavumilia pungufu ya hapo kwa sababu anajaza mapengo kwa maneno anayoyajua tayari, na huyo mtoto hana akiba hiyo. Ndiyo maana wewe ukisimama nyuma ya darasa lako unaelewa kila kitu, ukadhani naye anaelewa.

Kwa hiyo watano hao wakae dawati la kwanza au la pili, mbali na mlango na dirisha la upande wa uwanjani. Wasikae pembeni kabisa ambako wanaona shavu lako badala ya mdomo. Usiseme huku umegeukia ubao, maana unaliambia bati. Andika kwanza, geuka, ndipo useme.

Agizo ligawe. "Toeni madaftari." Subiri, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. "Fungueni ukurasa wa 12." Subiri. "Fanyeni swali la kwanza hadi la nne." Kisha muulize mmoja wa wale watano, bila kumwaibisha, arudie: "Tunafanya maswali gani?" Usiulize "umeelewa?" Jibu la swali hilo ni "ndiyo" tangu shule zilipoanza kujengwa.

Imla inahitaji uangalizi wa pekee. Mtoto akiandika "fua" ulipotamka "vua", au "choka" badala ya "joka", usimkatie alama ukaishia hapo. Weka orodha ya makosa yake wiki tatu. Yakiwa ya jozi zile zile, f na v, ch na j, p na b, k na g, umepata taarifa ambayo mtaalamu angeilipia. Yakiwa ya l na r tu, angalia kwanza lugha ya nyumbani kwao. Hilo huwa ni lafudhi.

Kelele za miguu ya viti na madawati hupungua ukivisha vipande vya ndala kuukuu. Mvua ikinyesha juu ya bati usishindane nayo. Wape kazi ya kuandika au kusoma kimya, na somo jipya la mdomo lisubiri. Koo lako nalo litakushukuru.

Shikamooni. Mjukuu wangu ametimiza miaka 3 na maneno yake hayafiki kumi. Alipozaliwa aligeuka manjano sana akawekwa kwenye taa. Walimpima masikio kwa kijidude wakasema yuko sawa. Siku nyingine akiitwa aitika, siku nyingine kama hayupo. Wengine wasema ulimi umefungwa ukatwe, wengine wasema kimeo. – Bibi, Mombasa

Marahaba, na shikamoo bibi. Tuanze na wembe: uwekeni chini. Utepe mfupi chini ya ulimi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, au baadaye kumharibia sauti chache, lakini haumzuii kuwa na maneno. Mwenye ulimi uliofungwa husema mengi, ila kwa kitembe. Kimeo nacho hakina kazi yoyote katika kujifunza lugha. Kukikata kwa wembe wa mtaani kumewaletea watoto kutokwa damu na maambukizi.

Mtoto wa miaka 2 anatarajiwa awe na maneno kama 50 na aunganishe mawili, "mama njoo", "maji hapana". Mjukuu wako wa miaka 3 na maneno yasiyofika kumi asisubiri aambiwe "atasema tu, hata baba yake alichelewa".

Lililotushtua ni manjano. Hatuzungumzii homa ya manjano ya mbu, bali ule umanjano wa mtoto mchanga. Ukizidi sana unaweza kuuguza mshipa wa kusikia na njia zake ndani ya shina la ubongo, huku koklea, yaani ule mzingo wa sikio la ndani unaopokea sauti, ikibaki nzima. Kile kijidude husikiliza mwangwi mdogo unaorudi kutoka koklea, na koklea nzima hurudisha mwangwi. Kwa hiyo kinasema "sawa", na kinasema kweli kuhusu koklea. Hakijui habari za mshipa. Sauti hupanda kwenda ubongoni ikiwa haina mpangilio, kama redio isiyoshika stesheni vizuri, na hiyo kuitika leo na kesho kutoitika ni dalili yake inayojulikana.

Ombeni kipimo cha mwitikio wa shina la ubongo. Mtoto hubandikwa vibandiko vidogo vyenye waya kichwani na nyuma ya masikio, hupigiwa vidoko vya sauti akiwa amelala, na mashine huonyesha kama mawimbi yanapanda. Mfikisheni akiwa na usingizi, maana akijigeuzageuza mawimbi huvurugika na mtapewa tarehe nyingine. Mwambieni daktari kuhusu manjano, alikaa siku ngapi kwenye taa, kama alizaliwa njiti, na kama amewahi kuugua malaria ya degedege. Tafiti zilizofanywa Kilifi zimeonyesha kwamba malaria kali inaweza kumwachia mtoto matatizo ya lugha baada ya homa kupona. Kwa upande wa shule, Kenya ina vituo vya tathmini vya EARC tangu 1984. Ulizieni kilicho karibu nanyi bila kungoja afike umri wa darasa la kwanza.

Wakati mnasubiri, msemesheni uso kwa uso, mikono ikisaidia. Ishara hazimfanyi mtoto mvivu wa kusema.

Tunaishi Minneapolis. Mwanangu wa miaka 6 amechelewa Kiingereza, nimeshauriwa tuache Kiswahili nyumbani asichanganyikiwe. Ni kweli? – Mama, Marekani

Si kweli. Lugha mbili hazisababishi tatizo la lugha wala la uchakataji. Mwenye tatizo huwa nalo katika lugha zote mbili. Aliyechelewa Kiingereza tu huku anakuambia kwa Kiswahili kisa kizima cha basi la shule, mwanzo hadi mwisho, bado anajifunza Kiingereza, basi. Dai tathmini yenye mkalimani. Na mzazi aliyelazimishwa lugha asiyoimudu husema sentensi fupi, chache, zenye amri tupu, jambo ambalo kweli linamnyima mtoto.

Nimeuziwa kwa bei kubwa programu ya kompyuta ya "kuzoeza ubongo kusikia". Binti yangu ana miaka 7 na ana tatizo la lugha. Itamfaa? – Baba, Nairobi

Wazo lenyewe lina historia ya heshima. Mwaka 1973 Paula Tallal na Malcolm Piercy walionyesha kwamba watoto wenye tatizo la lugha walishindwa kutofautisha milio miwili mifupi ikifuatana haraka, ilhali milio ikirefushwa au ikiachanishwa waliweza. Kwa kuwa "p" na "b" hutengana kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, ilionekana kama chanzo kimepatikana. Kufikia 1996 zikaja programu zinazorefusha na kukuza sauti hizo kisha kuzirudisha pole pole katika kasi ya kawaida. Kisha zikapimwa. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2008, lenye watoto 216, liliwagawa baadhi kwenye programu hiyo, wengine kwenye michezo ya kawaida ya kompyuta ya kielimu, wengine kwa mtaalamu. Wote walipiga hatua, na walioitumia programu hawakuwapita wenzao. Watoto wengi wenye tatizo la lugha wana masikio hodari kwa milio mifupi, na wapo wasio hodari wanaosema vizuri tu.

Kama unaweza kurudishiwa pesa, zirudishiwe. Zilipie vikao vya mtaalamu.

Nyumbani dakika 10 zinatosha, siku 5 kwa wiki. Pigeni makofi ya silabi: m-to-to ni matatu, mbu-zi ni mawili, m-bwa ni mawili. Usishangae ukibabaika mwenyewe kwenye "mb", kwa kuwa mara inaungana mara inaachana. Tegeaneni vitendawili, kwani "nyumba yangu haina mlango" hakijibiki kama neno "haina" limempita. Kisha jozi: weka mbele yake kamba na gamba la samaki, ziba mdomo wako kwa karatasi, taja kimoja, achague. Mara 10. Akipata 8 au zaidi kwa siku tatu mfululizo, washa redio kwa sauti ya chini na urudie. Akishuka hadi 5 anabahatisha, kwa hiyo zima redio.

"Fua" na "vua" zikimshinda kwa sikio, mwekee vidole vyake kooni kwako, utamke "fff" kisha "vvv". La pili linatetemesha vidole. Akishalijua kwa vidole, ndipo ulirudishe sikioni.